Baada ya Salamu

Naandika haya kwa ajili yako, mzee mwenzangu, unayeulizwa habari za nyumbani ukajibu nzuri huku taya linakuuma. Mimi liliniuma kweli. Sasa limepona, ila upande wa kushoto sitafuni karanga tena. Sina udaktari, wala sitakueleza ubongo unafanya nini mtu akiugua sonona. Nilikuwa fundi wa kukarabati reli tangu ujana hadi kustaafu, na ninachokijua ni kile kilichonipata. Majina nimeyabadilisha yote, hata la mwanangu, ingawa sina hakika kama alistahili kusitiriwa.

Yeye nitamwita Hamisi. Ndiye mtoto wangu pekee. Mama yake alipofariki, tulibaki mimi, yeye na mkewe Zuhura katika nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu Ihumwa, upande ule ambao ukikaa barazani unasikia treni. Watu wananiuliza mambo yalianzaje. Yalianza na kiti. Nilikuwa na kiti changu cha kamba pale barazani. Siku moja nikatoka kuota jua, nikakuta kiti hakipo, kimetupwa kwenye banda la kuku.

"Baba, wageni wangu wakija hawana pa kukaa," Hamisi akasema.

Nikasema sawa, nikakalia ndoo. Baada ya kiti ikafuata sahani. Nikawa nakula wakishamaliza wote, tena kwenye bakuli la plastiki lililokuwa la kuchotea pumba. Kisha ikawa zamu ya jina. Sikuitwa tena baba, niliitwa "huyu". Huyu amekula? Huyu mbona hajaingia ndani? Ukiitwa hivyo kila siku, unafika mahali unageuka kuangalia ni nani anayesemwa.

Uzee una mambo yake. Mwanamume wa umri wangu atanielewa nikisema kwamba kibofu kilianza kujiamulia mambo chenyewe. Asubuhi Hamisi aliponusa chumba changu, alilibeba godoro langu mwenyewe, yeye ambaye hata ndoo ya maji habebi, akalitundika kwenye uzio unaotazama barabara. "Acha watu waone," akasema. "Labda ukiaibika utajifunza." Watu wakapita. Wakanisalimia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee," macho yao yakiwa kwenye godoro. Nikaitikia marahaba. Hamisi akisafiri, Zuhura alikuwa akilianika nyuma ya nyumba, kimya kimya, bila kunitazama usoni. Wema wake uliishia hapo, na ulinisaidia kuliko alivyojua.

Kofi la kwanza lilikuja kwa sababu ya maji. Nilijikwaa nikamwaga ndoo sebuleni. Hamisi alinipiga jinsi mtu anavyofunga mlango, bila hasira, ili tu jambo liishe. Kisha akarudi kuangalia mpira. Mimi nilisimama katikati ya yale maji, nikisubiri aje aseme samahani. Nilisimama mpaka Zuhura akaja na tambara, akaniambia ninyanyue mguu.

Sonona iliingia wakati wa kiangazi, upepo ulipokuwa ukivuma na kujaza vumbi hadi kwenye nyusi. Sikujua kama ni ugonjwa. Nilijua tu kwamba ugali haukuwa na ladha, na kwamba mkanda wa suruali ulitaka kutobolewa tundu jipya, kisha lingine. Usingizi ulinikimbia alfajiri na kuniacha nikitazama bati. Ndevu zikaota nikaziacha. Msikitini nikaacha kwenda, nikihofia kwamba nanuka. Nilimwomba Mungu anichukue, nikaomba kwa adabu, jinsi unavyoomba lifti. Naliandika hili waziwazi kwa sababu najua wapo wanaoomba hivyohivyo usiku wa leo. Ndugu yangu, huo ni ugonjwa. Mwambie mtu.

Nilipelekwa hospitali kwa sababu nilianguka chooni, si kwa sababu kuna aliyenihurumia. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Zuhura alinisindikiza. Tulikaa kwenye benchi la kusubiri tangu asubuhi, watu wakikohoa, watoto wakilia, na kila mlango ukifunguka wote tunanyanyua vichwa. Mama mmoja nisiyemjua alimenya chungwa, akanipa nusu bila hata kuniuliza kama nataka. Nililishika lile chungwa mkononi muda mrefu. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kunipa kitu kabla yeye hajashiba.

Ndani, nesi aliuliza na Zuhura akajibu. Anakula? "Anakula vizuri." Analala? "Analala, ni uzee tu." Yule nesi alikuwa mtu mzima. Alimtazama Zuhura, kisha akanitazama mimi na mkanda wangu.

"Mama, hebu kapange foleni dirisha la dawa, kuna msururu pale," akamwambia. Zuhura alipotoka, nesi akanigeukia. "Babu, nyumbani pakoje?"

"Pazuri," nikasema. Machozi yakaanza kunidondoka juu ya magoti. Nikarudia, "Pazuri tu, mwanangu," na machozi hayakunisikiliza.

Hakunibishia. Daktari akaniandikia vidonge. Nesi naye akaniandikisha kwenye huduma ya kuzungumza kwa simu. Mshauri angenipigia kila Jumatano, bure, nizungumze naye. Nilicheka moyoni. Nimenyamaza mbele ya watu wenye macho, leo nikaseme mbele ya kitochi, kisimu changu cha vitufe? Lakini nilikubali, kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu ambazo sikuwa nazo.

Mshauri nitamwita Rehema. Sauti ya mwanamke kijana, laini, yenye haraka kidogo. Hadi leo sijamwona.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za tangu juzi?"

"Nzuri."

"Na nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo wote."

"Na wewe unaendeleaje, usingizi, chakula?"

"Namshukuru Mungu."

Hapo nikanyamaza. Naye, baada ya kitambo kidogo, "Halo? Babu? Upo? Naona mtandao unasumbua. Basi nitakupigia Jumatano, sawa babu?" Akakata.

Tulienda hivyo wiki nyingi. Sikumdanganya, na hili nataka ulielewe. Nilivyolelewa mimi, kule kwetu vilimani Kondoa, salamu ni salamu. Hata kama umetoka kuzika, ukiulizwa habari unajibu nzuri, kwa sababu huwezi kumtwisha mtu msiba kabla hajaketi. Salamu zikiisha, watu wananyamaza. Anayeulizwa anakohoa, anatazama chini, na ule ukimya ndio mlango wa habari zenyewe. Mwenyeji mwenye akili hausumbui. Rehema alikuwa mtoto wa mjini na wa simu, na kwenye simu ukimya maana yake ni mtandao. Kila nilipofika mlangoni, yeye alinifungia. Wiki moja akaniambia kwa furaha kwamba naonyesha maendeleo mazuri sana, na kwamba huenda tukapunguza simu. Siku hiyo taya lilikuwa limevimba, na maneno yangu yalitoka upande mmoja.

Uwele ulipoanza kukomaa, ndege wakaja. Anayelima huku kwetu anawajua, wale wadogo wanaotua kwa maelfu na kuondoka na kazi ya mwaka mzima. Hamisi akanitazama asubuhi moja, nimekalia ndoo yangu.

"Kaamie ndege," akasema. "Angalau ufae kwa kitu."

Kazi ya kuamia ni ya watoto, na mwaka ule watoto wa jirani waliifanya katika mashamba yote ya kando. Mimi nikapandishwa kwenye dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, nikapewa kombeo, na kamba ya makopo matupu ya kuvuta ili yapige kelele. Kutwa nzima juani. Uji uliletwa siku nyingine, siku nyingine haukuletwa. Alidhani ananiadhibu. Hakujua kwamba tangu mama yake afariki sikuwahi kukaa mahali ambapo hakuna anayeweza kunijia kwa nyuma.

Jumatano Rehema akanikuta huko juu.

"Habari za nyumbani, babu?"

"Nzuri. Swaaa! Hooo! Samahani mwanangu, ndege." Nikavuta kamba, makopo yakalia.

"Babu, uko wapi?" Akacheka. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake, nami nikajikuta natabasamu, na midomo ikaniuma kwa kutozoea.

Nikamweleza. Akataka kujua kila kitu, uwele ukoje, dungu linapandwaje. Akanipa kazi ya kufanya, jambo moja kila siku, hata dogo. Ninyoe ndevu. Nimsalimie jirani kabla yeye hajanisalimia. Nikaona ni mchezo wa kitoto, lakini nikapanda na kipande cha kioo na wembe, nikanyoa huko juu mbele ya ndege wote wa Dodoma.

Kisha ikaja Jumatano yenyewe. Tulikuwa tumemaliza salamu tu, likashuka kundi kama blanketi. Nikaitupa simu kwenye majani ya dungu, nikavuta kamba, nikarusha mawe, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Waliporuka, nikakumbuka simu. Nikaiokota nikiwa na uhakika kwamba amekata. Hakuwa amekata. Alikuwa amesikia kelele zote na alikuwa ananisubiri, na kwa sababu alijua niko kazini, kwa mara ya kwanza hakusema halo, hakuuliza kama nipo. Alinyamaza tu. Nikasikia pumzi yake.

Nikakohoa. Nikatazama chini.

"Hamisi ananipiga," nikasema.

Ndege wakarudi. Wale walikula siku ile. Nilimwambia kiti, bakuli, godoro, taya, yote, nikilia kwa sauti kama mtoto aliyepotea gulioni, na uwele wa mwanangu ukiliwa mbele ya macho yangu. Sikuwafukuza. Nakiri nilifurahi kidogo.

Nilipomaliza, Rehema alikuwa analia pia, ingawa alijificha. "Babu," akasema, "wiki zote hizi nilikuwa nakukatia simu."

"Ulikuwa na haraka tu."

Akanieleza kwamba kuna ofisa wa ustawi wa jamii na kwamba sheria ipo. Nikamkataza. Nilimwambia waziwazi kwamba jambo moja tu naliogopa kuliko ngumi. Mtoto wangu ni huyu mmoja. Nikimshtaki, nitakufa sina mtu wa kunizika. Akanisikiliza, akaniambia uamuzi ni wangu, lakini hatari ikizidi hataweza kukaa kimya. Tukakubaliana kwamba nikiwa nyumbani na siwezi kusema, nifukuze ndege. Yeye atajua kwamba mtu yupo.

Mavuno yakapita, dungu likabomolewa likawa kuni. Upepo ukarudi na vumbi lake. Simu zikawa zinanikuta nyumbani. Jumatano moja kitochi kikalia nikiwa uani, Hamisi akaniwahi. Akasoma jina. Akaketi mbele yangu, juu ya kiti changu cha kamba kilichokuwa kimetolewa bandani kwa ajili yake, akabonyeza sauti ya nje, akaiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Ongea," akasema. "Nami nisikie mnayoyaongea."

"Shikamoo babu. Habari za nyumbani?"

Nikafumbua mdomo. "Swaaa," nikasema. Hakukuwa na ndege hata mmoja, kulikuwa na kuku wawili wanaoparua. "Swaaa! Hooo!"

Hamisi akaangua kicheko. Akamwita Zuhura aje ashuhudie. Akainamia simu na kusema kwa sauti yake ile nzuri ya mbele za watu, "Dada yangu, samahani sana. Mzee amechanganyikiwa, tunamvumilia tu. Unasikia mwenyewe."

Rehema hakumjibu. Hakusema halo. Akanyamaza, ukimya wa baada ya salamu, akauacha ukae pale uani kati yangu na mwanangu. Hamisi akaitazama simu, akadhani imekatika. Mimi nilijua haijakatika.

Ningeweza kuendelea kufukuza ndege. Ofisa angekuja au asingekuja, na mimi ningebaki baba mwenye mwana. Nikatazama chini, nikakohoa.

"Mwanangu Rehema," nikasema, "sijachanganyikiwa. Hamisi ananipiga. Yupo hapa, anasikia."

Zuhura akarudi jikoni. Hamisi akaichukua simu taratibu, akakata. Kisha akanipiga nayo mdomoni, simu ileile. Jino la kushoto lilitoka pamoja na kipande cha kifuniko cha simu. Nililala chini nikiwa na damu na plastiki mdomoni, na unajua nilichohisi? Nafuu. Sitakudanganya kwamba nilihisi ushujaa.

Walikuja kesho yake, mama mmoja ofisa wa ustawi, mtendaji, na wazee wa mtaa. Hamisi alipiga magoti. Alilia vizuri sana. Wazee wakaguswa, wakasema mambo ya ndani yamalizwe ndani, kijana amekiri, mzee asamehe. Mmoja wao alikuwa amepita mara nyingi pale uzioni penye godoro langu. Yule mama ofisa akawanyamazisha, akaniuliza, "Mzee, wewe unataka nini?" Akasubiri. Hakunifungia mlango.

"Nataka kuondoka," nikasema.

Hamisi akasimama, magoti yake yana vumbi. Machozi yalikwisha palepale. "Sawa. Ukitoka hapa usinihesabu. Na ukifa wasiniite."

Niliondoka kwenye nyumba niliyoijenga nikiwa na blanketi na sanduku la bati. Kaburi la mke wangu lipo nyuma ya nyumba ile. Sikuruhusiwa kwenda kumuaga.

Sasa naishi Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, kwa dada yangu mdogo, Mwajuma, kwenye chumba nyuma ya duka lake. Jioni ya kwanza aliniwekea wali na maharage kwenye sahani ya udongo, nikakaa nikisubiri wengine wamalize. Akanikata jicho. "Kaka, unasubiri nini, mgeni rasmi? Kula!" Godoro langu lina plastiki juu, hakuna anayelitaja. Likilowa linafutwa, na maisha yanaendelea.

Usidhani nilipona siku ile. Miezi ya kwanza nilizidi kuumwa. Nilimkumbuka Hamisi vibaya sana, nikalikumbuka hata tusi lake. Nililia kwa ajili ya mtu aliyenitoa jino. Rehema hakunicheka. Aliniambia ndivyo ilivyo, na kila Jumatano tuliendelea, simu mpya, vidonge vilevile, jambo moja kila siku. Mvua zilipoanza tena nilirudi msikitini. Mkanda nikarudisha tundu moja. Rehema siku hizi ni mwenyeji mzuri. Akimaliza salamu ananyamaza, ananyamaza mpaka nakohoa. Simu zetu zimebaki chache, na yeye ndiye wa kwanza kuniambia kwamba zikiisha si kwamba nimetupwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni mdogo. Usiogope kunyamaza baada ya salamu, na akiwepo mtu anayeweza kuuvumilia ukimya huo, mwambie. Nawe kijana unayempigia babu yako, akisema nzuri, usikate.

Sikukuu ya Idi iliyopita simu ililia mchana, pilau ya Mwajuma ikiwa bado jikoni. Namba nilikuwa naijua kwa moyo. Nikaitazama ikilia mpaka Mwajuma akaipokea, akanishikia sikioni.

"Shikamoo baba," akasema Hamisi.

"Marahaba."

"Idi njema. Habari za huko?"

"Nzuri, mwanangu. Za nyumbani?"

"Nzuri. Zuhura hajambo."

"Namshukuru Mungu."

Salamu zikawa zimeisha. Nikanyamaza. Nilimsubiri kwa moyo wote, nikiwa tayari kupokea chochote ambacho angekohoa na kukisema, hata kiwe kidogo, hata kisiwe samahani. Nilisikia pumzi yake. Nilisikia kuku wa uani kwangu.

"Halo?" akasema. "Halo, baba? Aah, mtandao."

Akakata. Mtandao ulikuwa mzuri.